Majina Kando ya Bei

Komanda Casimir aligeuza kurasa za daftari kwa kidole alichokilowesha mate, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba ndani ya samaki. Pulchérie alisimama mbele ya meza yake. Hakuambiwa akae. Mgongoni mwake Safari, mtoto wa miezi saba, alikuwa akifyonza pindo la kitenge, maana tangu asubuhi mama yake hakuthubutu kuomba nafasi ya kumnyonyesha.

Ofisi yenyewe ilikuwa bohari la zamani la pamba. Nyuma ya komanda, magunia ya sukari ya Kigoma yalipandana hadi dirishani. Pulchérie alijilazimisha kutazama meza tu.

"Mama Safari, hii kitabu ni ya nini?"

"Ni bei ya sukari, Komanda. Kila siku ya soko naandika, natuma Uvira kwa bureau ya misaada. Sukari ikipanda, unga na mafuta vinafuata. Ndiyo banajua batu banateseka wapi."

"Na sukari ya hapa Baraka ni ngapi?"

"Franka makumi tano kopo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulitoa amri."

"Muzuri! Haijapanda. Amani iko." Alitabasamu, kisha kidole kikatua pembeni ya ukurasa. "Sasa hizi namba zingine?"

Amri ilitangazwa kwa kipaza sauti: atakayeuza kopo zaidi ya makumi tano atakiona. Lakini kule bandarini, katika kila kilo kumi zilizoshuka, askari wa komanda huyo huyo walichota tatu wakaziita mchango wa vita. Bamama wa soko wangefanya nini? Waliyafudikiza makopo yao, wakayagonga kitako kwa jiwe mpaka kikabonyea ndani. Bei ilibaki ile ile. Mnunuzi alijua, muuzaji alijua. Walitaniana tu kwamba kopo nalo limefunga mkanda kwa njaa.

Kwenye fomu ya Uvira, Baraka ingeonekana imetulia. Pulchérie, aliyejifunza hesabu jioni kwa jioni kwenye darasa la watu wazima pale parokia, aliona huo ni uongo. Akaazima mizani ndogo, akapima. Gramu mia mbili arobaini. Wiki iliyofuata mia mbili na tano. Jana, mia moja sabini. Na kwa kuwa bureau ilitaka kila bei iwe na mwenyewe ili iaminike, aliandika majina kamili, kwa mwandiko wa kusomeka. Mwandiko ule aliuonea fahari.

"Ni uzito, Komanda."

Jibu la swali la pili, kwa nini uzito unashuka, alikuwa amelishona njia nzima: ziwa limechafuka, mitumbwi ni michache. Hakuulizwa.

"Kumbe banaiba!" Komanda alipiga meza. Safari akashtuka, akalia. "Bamama banaibia raia, na we umebashika kwa kilo! Mi nilifikiri we ni espion, mupelelezi, nilikuwa nataka kukufunga. Kumbe dada yangu umenifanyia kazi. Ona: Constance Asende, gramu mia moja sabini."

"Hapana, Komanda, habaibi. Ni ile..."

Macho yalimponyoka, yakaenda yenyewe kwenye magunia. Komanda aligeuka, akatazama pale alipotazama yeye. Alipomrudia, sauti yake ilikuwa laini.

"Ni ile nini, mama? Sema. Sukari inaendaka wapi?"

Visigino vya mtoto vilimpiga kiunoni, tik, tik.

"Sijue, Komanda."

"Hujue. Muzuri. Muntu wa masomo anajuaka pa kuishia." Alimrudishia daftari. "Enda sokoni na askari wangu Jacques. Yeye hajue kusoma. We utasoma majina, yeye atabashika."

Njiani Jacques alitembea hatua moja nyuma yake, bunduki begani, akipiga mluzi. Pulchérie aliwaza kukimbia. Na mtoto mgongoni, angefika wapi?

Constance alikuwa wa kwanza, penye meza ya mwanzo. Askari hakumshangaza, sokoni walipita kila saa. Alifuta kigoda kwa upande wa kitenge chake.

"Kaa, Mama Safari, jua kali! Umekonda, wa bureau habakulishe? Lete bwana wangu nimubebe." Alimtoa Safari mgongoni mwa mama yake kabla hajajibiwa, akambusu shavuni. "Ee, huyu mume analia hivi, mahari atalipa kweli?"

Jacques alisogea. "Jina la huyu," alimwambia Pulchérie. "Soma."

Pulchérie alifunga daftari, akalibana kwapani.

"Heh, unamuuliza nini?" Constance alicheka, mtoto kifuani. "Anaandikaka kila wiki! Constance. Constance Asende. Mama Safari, mwambie, si ndiyo miye?"