Mwacheni Apumzike

Mbwa wa baba aliitwa Hayakuhusu. Baba, Mzee Mwaringa, alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani zetu wa Jilore wasioweza kupita uani bila kuuliza. Alikuwa na kinywa, baba yangu. Nami nimekirithi, na mume wangu kule Shella husema alioa kelele.

Tulipomzika baba, mbwa alikwenda kulala juu ya kaburi, watu wakamsifu. Siku ya kuanua matanga tulifagia chumba cha marehemu na kutupa takataka nyuma ya jiko. Asubuhi yake Hayakuhusu alitapika, akajaribu kusimama, miguu ikamlegea, akaanguka palepale kwenye udongo mbichi.

"Amfuata bwana wake," alisema baba mdogo, Fondo, akivua kofia. "Mwacheni apumzike."

Wageni waliobaki wakaguna kwa huruma. Mwanamke mmoja akaanza hata kuimba. Mimi, Mungu anisamehe, nilitokwa na machozi, maana huzuni ya namna ile ilipendeza kuitazama.

Mama hakulia. Tangu msiba hakuwa ametoa chozi, na watu walishaanza kunong'ona. Alipiga magoti akamfunua mbwa mdomo. Fizi zilikuwa zimepauka kama muhogo uliomenywa.

"Sidi, hebu shika hapa."

Niliweka kiganja ubavuni, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Moyo ukagonga. Nikangoja. Nilidhani umesimama. Kati ya pigo na pigo ningeweza kulitamka jina lake lote, polepole, na nafasi ikabaki. Niliogopa.

"Huyu ni mgonjwa," nikasema.

"Shemeji Kache, huyu ni mbwa, tena mzee," baba mdogo alimwambia mama kwa upole. "Mwacheni..."

"Usilimalize neno hilo," alisema mama. "Mwaringa alipolala mchana, mikono imempoa, mlisema ni uzee, mwacheni apumzike. Nami nikamwacha. Washa gari, shemeji."

Hapo ndipo nilipojua kilichomzuia kulia. Mama alikuwa na hasira.

Nilimpigia simu Cherop, daktari wa mifugo mjini Malindi. Akasema tusimpe maziwa wala maji, tusimtembeze, tumbebe amelala, na tutazame alikula nini. Nyuma ya jiko nikakuta pakiti ya vidonge vya presha vya baba, imetafunwa hadi karatasi. Baba alizifungia dawa zake pamoja na ugoro kwenye kitambaa kimoja. Mbwa alikuwa akitafuta harufu ya bwana wake.

Tulimbeba kwenye mkeka hadi garini, tukampeleka Malindi. Cherop alisikiliza kifua, akaisoma pakiti, akamchoma sindano na kumtundikia maji.

"Dawa hii hupunguza mwendo wa moyo," alisema. "Ikizidi, moyo hushindwa kuusukumia mwili damu. Mngechelewa kidogo, mngemzika."

Mkono wangu haukutoka ubavuni. Mapigo yalikuja yakiachana mbali, kisha yakakaribiana. Adhana ya alasiri iliposikika, fizi zilikuwa zimeanza kurudiwa na rangi, na mkia ukapiga meza mara moja.

"Daktari," mama aliuliza, "na mtu je? Kichwa kikimuuma akaongeza kidonge juu ya kidonge, kisha akalala, akapoa hivi?"

Sikujua kuwa baba alikuwa akifanya hivyo. Cherop alianza kufuta kifaa chake cha kusikilizia moyo, na kilikuwa safi.

"Mama, mimi ni daktari wa mifugo."

"Najua. Nimekuuliza."

"Siwezi kusema kilichomuua mtu nisiyemwona," alijibu. "Lakini wakiletwa mapema, wengine hupona."

Mama aliinama, akalaza sikio kwenye ubavu wa Hayakuhusu, akasikiliza. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wenye mbuzi waliokuwa wakingoja zamu mlangoni. Baba mdogo alinyoosha mkono amwinue.

"Mwache, baba," nikamwambia. "Mwache alie."