Taa Ikiwaka, Ongeza

Sijawahi kuogopa gari. Naogopa nyuki, daktari wa meno, na wifi zangu wakikaa pamoja, lakini gari hapana. Gari halisengenyi mtu. Likiumwa linasema, na kazi yangu ni kulisikiliza. Gereji ni yangu, kibao cha mlangoni nimekipaka rangi kwa mkono wangu, na mteja anayeniuliza fundi yuko wapi namwambia anamtazama.

Asubuhi ile mama mkwe alikuja kuwachukua wanangu, na nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa chini ya lori la muuza mbao. Redio ya gari la mama mkwe ilikuwa inaimba kwa nguvu, na chini ya redio, alipokanyaga breki, nikasikia chuma kinakwaruza chuma. Si ule mlio mwembamba wa breki zilizolala kwenye umande, unaoisha ukishakanyaga mara mbili tatu. Huu ulikuwa mzito, na uliendelea mpaka gari liliposimama.

Nilitoka chini ya lori. Watoto walishakaa kwenye benchi la wateja na mabegi yao, nywele zimechanwa, tayari kwenda kumalizia likizo kwa bibi. Na kwa bibi ni bondeni. Barabara ya huko inashuka mlima kwa kona kali mpaka masikio yanaziba. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa tupu.

Mama mkwe alishuka, akanyoosha gauni lake alilojishonea mwenyewe, akamwita mwanangu wa kiume "mume wangu" na dada yake "mke mwenzangu", akawaambia wapakie mabegi kabla jua halijakuwa kali. Mimi akaniita mkwe. Tangu niolewe na mwanawe ananiita mkwe, na kazi yangu akiitaja kwa watu husema nashinda gereji, utadhani nimekwenda kupiga soga kwa jirani. Gari lake hakuwahi kuniletea hata siku moja. Lilikuwa la marehemu baba mkwe, na baada ya msiba alilitunza mwenyewe, vile vile alivyoelekezwa na marehemu. Mwanawe hakuwa wa kumsaidia. Mume wangu ni mwoka mikate, na kwenye gari anajua mahali pa kuwashia redio tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe."

"Mama, breki zako zinalia."

"Gari zee litakosaje kulia? Hata mimi magoti yananilia, na nafika ninakokwenda."

"Hili halitafika. Halishuki mlima leo."

Akanionyesha stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele. "Wakaguzi wamelipitisha. Au na wao hawajui?"

"Wanajua. Ila walipitisha gari la siku ile. Pedi za breki zinalika kila unapokanyaga, stika inabaki palepale."

"Taa ya breki haijawaka," akasema, sasa kwa ubaridi kidogo. "Na ikiwaka najua la kufanya." Akafungua buti, akatoa chupa ya mafuta ya breki aliyoifunga kwenye kipande cha kitambaa isije ikagongwa. "Marehemu alinifundisha. Taa ikiwaka, ongeza. Naongeza, inazimika. Sijakosa hata mara moja."

Hapo damu ilinipanda. Mafuta ya breki hayatumiki yakaisha kama petroli. Yakishuka, kuna jambo. Ama yanavuja, ama pedi zimelika, na pistoni inayozisukuma imetoka nje kuzifuata, basi mafuta yameingia kujaza nafasi iliyoachwa nyuma. Ndiyo maana taa inawaka. Ukiongeza mafuta, taa inazimika na pedi zinaendelea kwisha kimyakimya. Mzembe angeiacha taa iwake wiki nzima mpaka mtu amwambie aende gereji. Mama mkwe si mzembe. Alikuwa ameitii ile taa mpaka akalinyamazisha gari.

Watoto walishafungua mlango wa nyuma. Niliinama dirishani, nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni mwa ovaroli.

Maji yakishamwagika hayazoleki. Muuza mbao, ambaye mpaka hapo alikuwa anatusikiliza kwa raha zake, aligeuka akaanza kusoma kalenda ya mwaka juzi ukutani.

"Mkwe," mama akasema polepole, "umenipokonya ufunguo."

"Ndiyo, mama."

"Wa gari la mume wangu."

"Wa gari la baba, ndiyo. Nisamehe, lakini sitaurudisha kabla hujaona kwa macho yako. Niache nifungue gurudumu moja tu. Nikiwa nimekosea, waite wifi zangu wote, unitangaze mbele yao."

Nilijua ninachokichezea. Akiondoka pale amenuna, nitakuwa yule mke aliyemvunjia heshima mama mkwe mbele ya wajukuu wake, na habari itafika kila nyumba ya ukoo kabla chai haijapoa. Nilimpenda pia, hilo ndilo lililoniuma. Lakini heshima haisimamishi gari mlimani. Liwalo na liwe, nikachukua jeki.

Alikaa kwenye benchi katikati ya wajukuu, mkoba mapajani, uso ameugeuzia barabarani. Nililegeza nati gurudumu likiwa bado chini, nikainua gari, nikaweka stendi, nikalivua gurudumu. Kwangu kuna sheria moja ambayo hata mwenye lori anaijua: kitu kibovu hakitupwi kabla mwenye gari hajakishika. Nilitoa pedi ya zamani, nikachukua mpya stoo, nikapiga goti mbele yake, nikampa zote mbili, moja kila mkono.

Hakuzitazama. Alizipapasa kwa kidole gumba na cha shahada, vile anavyopapasa kitambaa dukani kabla hajauliza bei. Alianza na ile mpya. Kisha ile ya zamani, na kidole kikasimama.

"Hii haina nyama," alisema. "Ni chuma kitupu."

"Njoo ushike na diski, mama."

Alikuja. Diski, sahani ile ya chuma inayobanwa na pedi, inatakiwa iwe laini. Ya kwake ilikuwa na mifereji ambayo kidole kilizama ndani yake. Aliipapasa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Sasa simama hapa utazame kichupa cha mafuta," nikamwambia, nikafungua boneti na kukizungushia matambara, maana mafuta ya breki yanakula rangi. Nilirudi kwenye gurudumu nikaanza kuirudisha pistoni ndani taratibu, ili pedi mpya nene zipate nafasi.

"Yanapanda," akasema juu yangu. Kisha, "Mkwe, yanamwagika."

"Hayo ndiyo uliyokuwa unaongeza, mama. Hayakupotea. Yalikuwa yanashuka kadiri pedi zinavyoisha. Sasa nazirudisha pistoni na yenyewe yanarudi, ila kichupa kimeshajaa."

Alitazama yale mafuta yanavyolowesha matambara.

"Kwa hiyo sikuwa natengeneza kitu," alisema. "Nilikuwa nazima taa." Halafu, kwa sauti ambayo watoto hawakuisikia: "Basi marehemu alinifundisha vibaya."

Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Namshukuru Mungu mikono yangu ilikuwa na kazi, kwa sababu wakati huohuo nilikuwa navua pini za breki, vile vijiti vya chuma vinavyoishikilia, na zile pini zilikuwa zimepakwa grisi. Grisi ilishakauka kwa ukongwe, lakini ilipakwa na mtu asiye na haraka, kila pini, mpaka ndani kabisa. Mtu wa namna hiyo hamfundishi mkewe nusu ya jambo.

"Mama, baba akishaongeza mafuta, alikuwa anafanya nini tena?"

"Hakuna. Alifunga boneti akanawa."

"Na baadaye? Siku zilizofuata?"

Akafikiri. "Jumapili alikuwa anavua magurudumu. Anakaa chini nusu siku na redio yake. Mimi niko kwenye cherehani, namwona kupitia dirisha. Nilijua anawakimbia wageni."

"Alikuwa anabadilisha pedi," nikasema. Nikampa ile pini aione. "Hii ni kazi yake. Kama yule mwenye lori angepaka grisi hivi, ningefunga gereji. Alikufundisha kuongeza ili ufike nyumbani salama. Yaliyobaki alikuwa anafanya mwenyewe."

"Hakuniambia."

"Alikuwepo, mama. Hakuona haja."

Alilia. Hakuficha uso wala hakutaka ashikwe bega. Alilia amesimama, pini ya mumewe mkononi, na mimi nililia nikiwa nimechuchumaa, nikajifuta kwa mkono wa ovaroli nikajipaka grisi shavuni. Mwanangu wa kike akamuuliza muuza mbao kama gari limekufa. Akamwambia hapana, limepona.

Nilibadilisha diski na pedi za magurudumu yote mawili ya mbele, kwa sababu breki hubadilishwa kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavuta upande. Nilikagua ya nyuma, nikayatoa mafuta yote ya zamani na kutia mapya. Kisha nikampa ufunguo, nikakaa kiti cha abiria. Watoto niliwaacha kwenye benchi. Kabla fundi hajaijaribu breki, mtoto hapandi.

Alikanyaga pedali ikazama mpaka chini. Akanigeukia ametoa macho.

"Usiogope. Pistoni bado ziko ndani. Kanyaga tena, taratibu."

Akakanyaga tena na tena, pedali ikapanda na kuwa ngumu chini ya mguu wake. Ndipo tukatoka. Alipofika kwenye kiteremko cha nyuma ya soko alinyoosha mkono, akaizima redio. Akakanyaga breki. Gari likasimama, limenyooka, kimya. Akarudia, na kurudia tena, na nilimwona anaanza kutabasamu.

Tuliporudi, watoto wakapanda, mikanda ikafungwa. Nilisimama dirishani kwake.

"Sasa, mama. Taa ikiwaka?"

"Nasimama mahali salama, nakupigia simu. Siongezi kitu." Akachukua ile chupa pamoja na kitambaa chake, akanitolea dirishani. "Kaa nayo, fundi."

Mafuta yale hayafai tena. Chupa ikishafunguliwa hunyonya unyevu, na mteja mwingine ningemwambia aitupe. Niliipokea kwa mikono miwili.

Waliondoka. Nilitega sikio walipokaribia kona. Taa nyekundu za nyuma ziliwaka, gari likapunguza mwendo, na sikusikia kitu.