Kiredio Kinachopata Maskati

Bi Kijakazi anashikilia kuwa kile kiredio kilianza kusema kingali ndani ya boksi. Anasimulia hivyo kila anapopata msikilizaji. Anasema siku Laila aliporudi nacho kutoka Konde, yeye alikuwa uani anapepeta mchele, akasikia upande wa pili wa ukuta mtu anakohoa ndani ya mkoba. "Nikamwita, wee Laila, mgeni wako mbona hujamkaribisha? Mwache atoke mkobani apumue!"

Si kweli. Siku hiyo Bi Kijakazi alikuwa Wete kwa mkwewe, na kiredio kilifika Micheweni kimya kwa sababu hakikuwa na chaji.

Laila alikinunua baada ya kukifikiria msimu mzima wa mwani. Alitaka kitu cha kumsomea na kumwimbia akiwa ndani ya maji, mikono yote miwili ikiwa kwenye kamba za kupandia mwani. Simu hakuitaka. Simu ikilowa inakufa, na watu hukupigia ukiwa umeinama. Jabir mwenye duka alimwekea vitatu juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa kioo kitupu, kinaonyesha hata picha. Cha pili kilikuwa na taa nyekundu na buluu zinazowaka kwa kufuata ngoma. Cha tatu kilikuwa cheusi, kinene, kama kipande cha sabuni kilichokwisha tumika kidogo.

Laila aliomba bakuli la maji.

"La nini, dada? Unataka kukikosha kabla hujakilipia?"

Bakuli likaletwa. Laila alichovya mikono, akafumba macho, akavipapasa kimoja kimoja. Kile cha kioo hakikumtii kidole chenye maji. Kile cha taa vifungo vyake vilikuwa sawasawa vyote, hujui cha mbele wala cha nyuma. Kile cheusi vifungo vyake vilikuwa vigumu, na kila kimoja kina umbo lake. Akauliza kama kina spika au waya za masikioni tu. Kina vyote viwili. Akauliza chaji yake inakaaje. Jabir alisema inakaa mpaka mtu anachoka yeye.

"Lakini hicho cha wazee," alisema Jabir. "Chukua hiki cha taa, kitakuchangamsha."

"Mimi nshachangamka, kaka. Nipe hicho cheusi."

Jabir alimjazia memori: Kurani juzuu zote, kaswida, na taarabu za zamani ambazo mwenyewe hazipendi na alikuwa anatafuta mtu wa kumpa.

Kilianza siku ya bamvua, maji yalipokupwa mpaka mbali. Laila alikuwa kwenye kamba zake, kiredio kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kutiwa katika fundo la kanga kichwani. Kaswida moja ilikwisha. Kabla ya nyingine kuanza, ukaja mlio wa bomba la maji, sahani zikigongana, halafu mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Khairat, dada yake, ambaye tangu utotoni hukohoa kama anayebisha hodi. Laila alimaliza kufunga shada la mwani alilokuwa nalo mkononi, akachukua jingine.

Khairat yuko Maskati, kwenye kazi za nyumbani. Mkataba wake ulikwisha kabla ya mvua za masika, na hakurudi. Soud, aliyempeleka, alisema simu yake imeharibika na kwamba mwenyewe hajambo.

Maji yalipojaa Laila alirudi nyumbani, akakiweka kiredio juu ya jiwe la kusagia na kufungulia spika. Mama yake, Bi Mardhiya, alikuja akakaa mkabala nacho. Walisikiliza Khairat akipiga deki.

"Anakula?" aliuliza Bi Mardhiya.

"Bado sijasikia, mama. Nimempata wakati wa vyombo."

Baada ya hapo matumizi yake wakayajua. Ukibonyeza mbele, inakuja kaswida. Ukibonyeza nyuma, kinarudi Maskati, lakini si pale ulipoachia. Kinarudi pale ambapo Maskati yenyewe imefika. Kwenye kioo chake kidogo, mahali pa jina la wimbo, palikuwa na kistari tu. Kusikiliza Maskati hakuli chaji. Laila alikichaji hivyo hivyo kila siku, kwa sababu hakutaka kukiamini kitu asichokijua vizuri.

Wanawake wa mtaa wakawa wanakuja baada ya alasiri na miyaa yao ya kusukia ukili wa mikeka. Walikaa ukumbini wakasikiliza ile nyumba ya Maskati kama wanavyosikiliza ya jirani. "Kitunguu hicho hakijaiva, mbona ashatia nyanya?" "Kaamrishwa, kwani ndiye mwenye jiko?" Adhana za kule zilikuwa zinasikika safi, karibu kabisa na dirisha, na hilo liliwatuliza wengi. Nyumba iliyo ubavuni mwa msikiti haiwezi kuwa mbaya, walisema. Kwa Bi Kijakazi adhana hizo zilileta hasara. Jumatatu moja alikuwa amefunga sunna, akafuturu kwa adhana ya Maskati. Tende ilikuwa ishafika tumboni na msikiti wa Micheweni ulikuwa hata haujawasha kipaza sauti. Akaona bora ailipe siku ile.

"Redio yako imenivunjia saumu," alimwambia Laila.

"Haikukwambia ule, bibi."

"Haikunambia nisile."

Wageni walipoondoka Laila alibaki anasikiliza. Alikuwa mtu wa kungoja. Mwani haukui kwa kuutazama, lakini asiyeutazama huibiwa na samaki. Taratibu akayajua yale ambayo huwezi kuyajua kwa alasiri moja. Akajua kwamba kule Khairat anaitwa Mariam, kwa sababu mtumishi aliyemtangulia aliitwa Mariam na wenye nyumba hawakuona haja ya kujifunza jina jingine. Akajua kwamba watu wa nyumba wakitoka, ufunguo huzungushwa kwa nje. Akajua kwamba Khairat aliungua mkono akajipaka dawa ya meno, kwani alimsikia akiusemesha ule mkono: "Tulia, mwenzangu, dawa ya meno ushapakwa, na tuna nguo za watu hapa." Alikuwa pia akizungumza na pasi. Akipiga pasi huiuliza kama Micheweni mvua imenyesha, kama mama anatumia dawa zake, kama Laila keshaolewa. Pasi haikumjibu. Laila alijibu yote, lakini kiredio kile ni cha kusikilizia tu.

Na kila Ijumaa, baada ya kuosha vyombo vya mchana, Khairat alimwambia mwenye nyumba maneno yale yale: "Mama, mkataba wangu umekwisha. Naomba paspoti yangu niende kwetu." Baada ya hapo ulikuja mlio wa mlango. Haukubamizwa. Ulifungwa vizuri, kama unavyofungwa mlango wa kabati.

Bi Mardhiya aliposikia hivyo alijitanda buibui. Wakaenda yeye na Laila kwa Shehe Abdulsamad, ambaye ndiye mtaa mzima humpelekea yaliyo mazito. Shehe alikishika kiredio kwa mikono miwili, akakisogeza sikioni. Kule mwenye nyumba alikuwa anamgombeza mumewe kwa sababu ya mama mkwe. Shehe alisikiliza kidogo, kisha akakirudisha upesi, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu hawajavaa.

"Laila mwanangu, hii ni nyumba ya watu," alisema. "Mambo ya ndani ya nyumba ni stara. Kupeleleza aibu za watu kumekatazwa, iwe kwa dirisha, iwe kwa tundu la ufunguo, iwe kwa kitu kama hiki. Na alichokijua mtu kwa kupeleleza hakisemwi barazani."

"Dada yangu amefungiwa humo, shehe."

"Nimefahamu. Ni mtihani."

"Stara yao nimeifahamu. Ya Khairat anaishika nani?"

"Mwenyezi Mungu," alisema Shehe Abdulsamad, na alisema kweli. Shehe akawaombea dua ndefu. Walipokuwa wanavaa viatu aliuliza kama kile kiredio kina Yasini ya kisomo cha taratibu. Laila akamwambia kinacho.

Neno la Shehe lilifika mtaani kabla yao. Wanawake wakaacha kuja. Hawakuwa na ubaya. Walimpa Laila samaki na kumsalimia kama kawaida, ila wakifika usawa wa mlango waliziba masikio kwa kanga wasije wakasikia aibu ya mtu. Bi Kijakazi peke yake aliendelea kuja, kwa mlango wa jikoni.

"Mimi sisikilizi," alisema. "Nakaa tu." Akakaa, na baada ya muda akauliza: "Vino sasa, mkono wake umepoa?"

"Umepoa. Lakini siku hizi anakohoa zaidi."

"Basi hebu ongeza sauti, nisisikie vizuri."

Laila alilifikiria jambo lile kwenye maji kupwa na maji kujaa. Aliona kwamba kule hana mkono unaofika, wala kwa Shehe hana la kufanya. Aliyekuwa na mkono wa kufika Maskati ni mmoja, na anakaa Micheweni, nyumba ya bati jipya. Watu humwita Soud Viza. Si mkali, wala hana sura mbaya. Zulia la msikiti katandika yeye, na msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kuleta mchele. Jumamosi asubuhi hukaa barazani kwake, na mama wa watoto wa kike humpelekea picha za binti zao wanaotafutiwa kazi Maskati, zilizoandikwa majina nyuma.

Bi Mardhiya alimzuia. "Watasema umeuvunja mwiko, mwanangu. Umetoa ya ndani nje."

"Waseme, mama. Khairat yuko ndani."

Jumamosi Laila aliamkia barazani kwa Soud. Alikuta kina mama wamekwisha kaa mkekani na binti zao. Alitoa salamu, akavua viatu, akakiweka kiredio katikati ya mkeka na kukifungulia spika mpaka mwisho. Khairat alikuwa anapiga pasi. Alikohoa, akaiuliza pasi ile kama nyumbani embe zimeanza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba leo wameondoka wote na wamefunga mlango kwa nje, na kwamba akiugua humu ndani hajui atamgongea nani.

Wale kina mama walisikiliza. Hakuna aliyeziba masikio, labda kwa kuwa mikono yao ilikuwa imeshika picha.

Soud naye alisikiliza mpaka nguo ile ikamalizika kupigwa pasi.

"Ndiye Khairat huyo," alisema. "Sauti yake haijabadilika. Na kinapata vizuri, hakina mkwaruzo. Umekinunua wapi?"

"Konde kwa Jabir. Ami Soud, mkataba wake umekwisha na paspoti hawampi. Wewe ndiye uliyempeleka. Nakuomba umrejeshe."

Soud aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu anayeambiwa habari za hali ya hewa, akainama kuipokea picha iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya binti anaitwa Rahila, aliyekaa pembeni ya mama yake na ushungi mpya. Mama yake Rahila hakuiachia picha mara moja. Aligeuka akamtazama Laila. Laila alidhani atainuka, amshike mwanawe mkono, waende zao.

"Dada," aliuliza yule mama, "hivi vya Jabir vyote vinapata Maskati, au ni hicho cheusi tu?"

"Sijui," alisema Laila. "Mimi nilichagua kwa ajili ya maji."

"Na nikikinunua leo, Rahila akiondoka mwezi ujao, kitampata?"

"Usimpeleke, bibi. Umesikia."

"Nimesikia. Ndiyo nauliza." Akaiachia picha.

Mwingine akataka kujua kama vifungo ni vigumu kwa mtu mzima. Mwingine akauliza kama hewa na chakula cha kule havimpi mtu kikohozi. Rahila mwenyewe alikinyooshea kidole kiredio, akamnong'oneza mama yake kwamba bora kile chenye taa. Soud aliagiza kahawa iletwe. Laila alipewa kikombe, akakinywa, kwani kahawa haina kosa. Kisha akaomba tena, kwa maneno yale yale. Jua lilipopanda wakaondoka mmoja mmoja, na Jabir wa Konde wiki ile akaishiwa na vile vyeusi.

Shehe Abdulsamad hakumlaumu mbele za watu. Baadhi ya jirani waliacha kumpa mkono. Khairat aliomba paspoti yake Ijumaa, na mlango ukafungwa vizuri.

Laila alipanga kazi zake upya. Kamba alizifunga siku za bamvua, kuanika akamwachia mama yake, na Jumamosi zikabaki tupu. Jumamosi ya pili alitoka kabla ya kina mama wengine, kiredio kimejaa chaji, akakaa barazani kwa Soud, mbele kabisa, ubavuni mwa mlango, mahali ambapo anayetoka lazima amruke miguu.

Soud alitoka, akairuka.

"Sabalkheri, ami Soud."

"Sabalkheri, Laila. Mama hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kukuomba umrejeshe Khairat."

Soud alikaa, akavaa miwani. Alikuwa anasoma jina nyuma ya picha ya wiki iliyopita.