Nafasi ya Neno Moja

Fomu zilikuwa arobaini, moja kwa kila mwanafunzi anayemaliza, na chini ya kila moja kulikuwa na mstari mfupi: "Anafaa kwa." Anayeandikiwa "masomo" hupanda madarasa ya juu, jengo la pili hapa hapa shuleni. Wengine huandikiwa kazi, na mambo yanaishia hapo.

"Neno moja tu, mwalimu," mkuu wa shule aliniambia asubuhi. "Usitutungie riwaya."

Kufikia saa tisa mkono ulikuwa umekufa ganzi. Useremala. Masomo. Ushonaji. Chuoni niliwahi kujaza kurasa nne nikieleza kwamba shule huigawia jamii watu wake, kila mmoja kwa uwezo wake, kama viungo vya mwili mmoja. Nilipata alama nzuri, na bado naamini kuna ukweli ndani yake. Ila hakuna aliyeniuliza ni nani anayemchagulia mtu kuwa goti.

Fomu ya mwisho ilikuwa ya binti wa mama wa usafi. Mama mwenyewe alikuwa anapiga deki ofisini humo humo, mkono mmoja kiunoni.

"Binti yangu umemwandika?"

"Bado, mama. Nafikiria masomo. Kwa hesabu hana mpinzani."

"Vizuri. Atahesabia ndoo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, mgongo huu haufiki mwakani. Mkuu amenikubalia nafasi yangu aichukue binti. Andika usafi, tusilale njaa. Masomo yatamla miaka, halafu?"

Hiyo "halafu" niliijua. Mimi mwenyewe nilisubiri ajira miaka miwili.

Nikamwita binti. Alisimama mlangoni asikanyage penye maji.

"Wewe unataka niandike nini?"

"Anavyosema mama."

"Si umesikia?" mama akasema, akabeba ndoo kwenda kumwaga maji machafu.

Hatua zake zilipopotea, binti akanyata hadi mezani.

"Andika masomo, mwalimu. Mama nitamwambia ulikosea."

"Nitakuwa nimekosea vipi?"

"Si wewe mgeni hapa? Atakusema wiki moja, mbili, basi." Akanitazama usoni. "Unaweza kuvumilia wiki mbili?"

"Na mgongo wake?"

"Nitapiga deki mimi kabla ya vipindi, kazi ibaki kwa jina lake. Kwani vyoo vya walimu nani anavisafisha tangu muhula uliopita? Yeye anadhani ni mlinzi anamsaidia."

Nikaandika: masomo. Wino ulikuwa haujakauka mama aliporudi na maji safi.

"Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza, mama."

"Ubarikiwe. Umenitua mzigo, kwa kweli." Hata hakuitazama karatasi. Akachovya dekio, akalikamua. "Haya, inua miguu nipitishe."

Nikainua miguu yote miwili, nikakaa hivyo mpaka akapita.