Sentimita Kumi za Shangazi

Shangazi yangu ni mshonaji, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa pia nahodha, kocha na mfua jezi wa timu ya kriketi ya wanawake ya mkoa wetu. Mwaka huu aliniagiza niandike historia ya timu hiyo. Nasema aliniagiza kwa sababu hakuniomba. Alikuja ofisini kwangu chuoni, akahamisha rundo la mitihani kutoka kwenye kiti, akaketi, kisha akatua mezani madaftari manane ya alama yaliyofungwa kwa utepe wa kitambaa cha jezi.

"Wewe si ndiye daktari wa mambo ya kale?" akauliza.

"Wa historia, Shangazi."

"Basi sisi tumeshakuwa wa kale. Andika."

Chini ya madaftari palikuwa na barua ya ofisi ya michezo. Ilieleza kwamba timu yoyote isiyoshinda hata mchezo mmoja ugenini katika msimu huu itavunjwa, na wachezaji wake wataunganishwa na timu ya mkoa jirani. Timu yetu ilibakiza mchezo mmoja tu, ugenini, dhidi ya majirani hao hao, baada ya siku kumi na moja. Barua iliongeza, kwa adabu nyingi, kwamba Shangazi angefanywa mlezi wa heshima na kutengewa kiti kivulini.

"Kivulini!" alisema. "Wanataka kunianika kivulini kama nguo inayochuja rangi. Andika historia yetu haraka, niwapelekee waone ni watu gani wanaotaka kuwavunja."

Nilianza kwa kuhesabu. Katika uwanja wa nyumbani timu ilikuwa imecheza michezo arobaini na mmoja na kushinda yote arobaini na mmoja. Ugenini ilikuwa imecheza thelathini na minane na kushindwa yote thelathini na minane. Nilirudia hesabu mara tatu. Mtafiti hukutana na takwimu safi kiasi hicho mara chache sana maishani, na akikutana nazo hana budi kuhisi kwamba kuna mtu anamficha jambo.

Nikawahoji wakongwe. Mrushaji wetu mkuu, ambaye kazi yake ya kila siku ni ukunga, alinipokea mlangoni mwa wodi ya wazazi akiwa amevaa glavu.

"Ni maji," alisema bila kusita. "Maji ya kwao mazito. Ukinywa, mkono unalegea. Mpira nikiurusha unadunda kabla haujafika, unafika kwa mpigaji umechoka, kama umekuja kumsalimia."

"Na ukibeba maji ya nyumbani?"

"Nilibeba, mwanangu. Yaliharibika njiani."

Mpigaji wetu mkuu ni mwalimu wa hesabu, mtu makini ambaye hufuta ubao hata wa darasa lisilo lake. Yeye alikuwa na maelezo ya upepo, yenye michoro. "Ugenini mpira unachelewa," aliniambia. "Mimi nimeshapiga, nimeshamaliza, nimeshaanza kujilaumu, ndipo unapita. Na tukikimbia, tunatolewa tumebakiza hatua moja. Kila mara, Daktari. Hatua moja. Lazima ni upepo wa mbele."

"Mnapokimbia kwenda na kurudi, upepo unakuwa wa mbele pande zote mbili?"

Aliugeuza mchoro wake juu chini. "Hilo," alisema, "sijalifanyia kazi."

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, naomba nieleze machache. Katikati ya uwanja kuna ukanda mwembamba, na kila mwisho wake husimama vijiti vitatu. Mrushaji hurusha mpira kutoka upande huu, na mpigaji wa upande ule hulinda vijiti vyake kwa gongo. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili hupishana mbio, na kila kupishana huhesabiwa mkimbio mmoja. Vijiti vikiangushwa kwa mpira kabla mkimbiaji hajafika mstarini, huyo ametoka. Urefu wa ukanda ni mita ishirini na sentimita kumi na mbili, popote mchezo huu unapochezwa.

Kwa kuwa sikuwa na sababu iliyoshikika, nilifanya kama wasomi wafanyavyo katika hali hiyo: niliunda nadharia. Niliandika sura yenye kurasa kumi na tisa iitwayo "Ari na Mahali", nikadai kwamba wachezaji wetu walipata nguvu kutokana na kumbukumbu ya pamoja ya ardhi waliyoizoea. Niliipenda sana sura hiyo. Ilikuwa na tanbihi thelathini na nne.

Iliishi siku moja.

Shangazi alikuwa ameamua kwamba siku ya kukabidhi kitabu kwa ofisi ya michezo sitakwenda na "hilo gunia la chuoni", na akaniita dukani anipime gauni. Duka lake ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na ukuta wa picha za timu. Alinisimamisha juu ya kigoda, akaweka pini mdomoni, akanizungushia utepe wa kupimia kifuani.

"Mia na kumi," alinong'ona kupitia pini. "Toa kumi. Mia."

Akashuka kiunoni. "Tisini na nne. Toa kumi. Themanini na nne."

"Shangazi, kwa nini unatoa kumi?"

"Utepe umekatika mwanzo. Pasi iliuunguza, nikakata palipoungua. Unaanzia kumi." Aliuinua nione, na kweli, namba ya kwanza ilikuwa kumi. "Mkono nyoosha."

"Uliungua lini?"

"Aa, zamani. Mwaka ule kabla ya kuanzisha timu. Nyoosha mkono, nimesema, unakunjakunja kama mtoto anayechanjwa."

Nilinyoosha mkono, lakini akili yangu ilikuwa imeshashuka kwenye kigoda na kutoka nje. "Shangazi. Ukanda wa uwanjani aliupima nani?"

"Mimi. Ningemwachia nani? Nikapima, nikamwagiza mwashi, mashimo ya vijiti yakajengewa kwa saruji. Hayajatikisika hata unywele tangu siku ile."

"Ulipima kwa utepe gani?"

Shangazi alisimamisha mkono. Ni mtu mwenye akili nyepesi. Niliona swali likimfikia, na niliona akilijibu kabla halijakaa vizuri. "Nilitoa kumi," alisema.

"Utepe una mita moja na nusu. Kuufikia urefu ule ulilazimika kuulaza mara kumi na tatu, na kipande. Ulitoa kumi mara ngapi?"

Shangazi alianza kuhesabu kwa vidole. Cherehani iliyokuwa karibu na dirisha, ambayo haikuwa na mtu, ilionekana kusikiliza.

Naomba nimtetee hapa, maana ndiyo kazi ya historia. Mwanamke huyu ameshona nguo kwa miaka thelathini, na hakuna kifua, kiuno wala paja, hata katika ukoo wetu, linalohitaji utepe ulazwe mara mbili. Kwake kutoa kumi lilikuwa jambo la kufanywa mara moja, mwishoni, kama kukata uzi. Uwanjani aliulaza utepe mara kumi na tatu bila kutoa kitu, akafika kwenye kipande cha mwisho, na hapo, kwa uangalifu mkubwa, akatoa kumi.

"Mara moja," alisema hatimaye.

Kwa hiyo ukanda wetu ulipungua mita moja na sentimita thelathini. Wageni waliokuja kwetu walifikiwa na mpira kabla hawajainua gongo. Sisi tulipokwenda kwao, tulipiga hewa, tukasubiri, kisha tukaangushiwa vijiti. Na tulipokimbia, miguu yetu ilisimama pale ambapo nyumbani ndipo mwisho.

"Ni habari njema," nilisema. "Tunazo siku nane. Tukiusogeza ukanda, mkafanya mazoezi kwenye urefu halisi..."

"Na ile arobaini na moja?"

Niliushusha mkono.

"Nakuuliza, daktari. Ushindi wetu arobaini na mmoja. Kitabu chako kitasema nini?"

"Kitasema yaliyotokea."

Alizitema pini kwenye kiganja, moja moja. "Basi shuka kwenye kigoda changu."

"Shangazi, gauni bado lina pini..."

"Nenda nalo."

Nilikwenda nalo. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimeinua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa, na kila aliyenisalimia nilimjibu kwa kichwa tu.

Usiku sikulala vizuri, na si kwa ajili ya pini peke yake. Asubuhi nilikwenda uwanjani nikiwa na hotuba ya upatanisho. Sikuihitaji. Shangazi alikuwa amepiga magoti katikati ya ukanda, aproni ya dukani kiunoni, akiipasua saruji kwa nyundo. Kando yake palikuwa na futi ya chuma ya kuazima kwa seremala, ndefu, inayoanzia sifuri.

"Sikulala," alisema bila kugeuka. "Nimewaza: wakituvunja, nitabaki na arobaini na moja zangu kwenye kiti, kivulini. Nitamsimulia nani? Shika mwisho huo. Vuta. Umeona sifuri?"

"Nimeiona."

"Hakikisha. Mimi siiamini tena familia hii."

Jioni wachezaji walikuja, na Shangazi hakuwaambia neno. Mkunga alirusha mpira wa kwanza. Ukadunda mara mbili, ukabingirika, ukasimama miguuni mwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameshapiga zamani.

"Maji ya kwao yamefika huku!" Mkunga alipiga yowe.

"Au upepo," alisema Mwalimu, lakini kwa sauti ya mtu anayeaga.

Ndipo Shangazi akasimama mbele yao, utepe wake shingoni kama kawaida, na kukiri. Alieleza pasi, mwashi na kumi zilizotolewa mara moja. Alipomaliza, wote hawakumtazama yeye; walimgeukia Mwalimu wa hesabu.

"Mnanitazama nini?"

"Miaka ishirini na miwili, shoga," alisema Mkunga. "Unafundisha watoto kuzidisha, halafu unakuja kukimbia juu ya jibu la makosa."

"Na wewe hujui kukadiria urefu? Si unapima watoto kila siku?"

"Wangu huwa hawafiki mita!"

Mwalimu, kwa kujiokoa, alichukua madaftari ya alama na kalamu, akakaa pembeni. Alirudi na matokeo. Kila mkimbio wa nyumbani ulikuwa umepunjwa mita moja na sentimita thelathini. Mikimbio yote ilikuwa kama elfu nne na mia moja. Kwa hiyo timu ilikuwa imejihesabia kilomita tano na theluthi moja ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzikimbia.

"Zitakimbiwa," alisema Shangazi.

"Na nani?"

"Na sisi. Sitaki kitabu kiseme tuliiba."

Wiki ile, kabla ya kila mazoezi, walizunguka uwanja, wakongwe mbele na wasichana waliojiunga mwaka jana nyuma, wakilalamika kwamba ukanda ulipopimwa wao hawakuwa hata wamezaliwa. Nilibeba daftari na kuandika kila mzunguko. Zilipotimia kilomita zote, Mkunga alilala chali katikati ya ukanda na kutangaza kwamba arobaini na moja zote sasa ni halali, na anayebisha aje amwinue.

Siku ya mchezo majirani walitupokea kwa upendo wa watu wanaojua watashinda. Kiti cha Shangazi kilikuwa kimeshawekwa kivulini. Aliweka juu yake mfuko wa jezi, akaenda kusimama juani.

Majirani walipiga kwanza, wakapata mikimbio tisini na sita, kidogo kuliko walivyozoea dhidi yetu, maana mipira ya Mkunga sasa ilikuwa inafika. Kisha tukapiga sisi. Mwalimu alikuwa amejifundisha kuhesabu "moja" kwa sauti kabla ya kuzungusha gongo, na ingawa jambo hilo liliwakera sana wapinzani, lilifanya kazi. Ulipobaki mpira mmoja wa mwisho kati ya ile tuliyogawiwa kurushiwa, tulikuwa na tisini na tano. Mikimbio miwili ingetupa mchezo. Mmoja ungekuwa sare, na sare si ushindi.

"Moja," alisema Mwalimu, akaupiga.

Yeye na Mkunga, aliyekuwa upande wa pili, wakapishana. Mkimbio wa kwanza ulikamilika. Wakageuka. Mkunga alikuwa anaelekea upande ambako mpira ulikuwa unarudishwa, na nikaona miguu yake, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, ikianza kupunguza mwendo mahali pale pale pa zamani.

"Bado!" Shangazi alipaza sauti hadi ndege wakaruka. "Usikate hapo! Kuna pindo! Kuna pindo!"

Mkunga aliongeza mwendo. Akaupita mstari, akavipita vijiti ambavyo viliangushwa nyuma yake, akampita mwamuzi, na kwa kuwa hakuwa na uhakika tena ni wapi mambo huishia, aliendelea mpaka akakaa kwenye kile kiti cha kivulini, juu ya jezi, akihema. Tisini na saba.

Ofisi ya michezo ilituma barua nyingine, fupi. Timu haikuvunjwa. Sura yangu ya "Ari na Mahali" niliifuta yote na tanbihi zake, na mahali pake sasa pana ukurasa mmoja kuhusu pasi. Shangazi aliusoma, akasahihisha koma mbili, akaniambia nirudi dukani tumalize gauni. Utepe ni ule ule. Kwa nguo, anasema, hauna kosa.

Msimu mpya ulipoanza mwezi uliofuata, tulicheza nyumbani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya timu tukashindwa nyumbani, tena vibaya. Nilimwangalia Shangazi akiyaandika matokeo mwenyewe daftarini, kwa mwandiko wake wa duara. Nahodha wa wageni, ambaye alikuwa ameshindwa hapo mara sita, alikuja kumpa mkono.

"Mama, sijui mmefanya nini," alisema, "lakini leo uwanja wenu umetukaa vizuri."

"Tumeuachia kidogo kiunoni," alisema Shangazi.