Kisanduku cha Kwenye Droo

Fundi alikuwa amefika pale ambapo mtu hucheka kwa hasira. Wiki ya tatu hii mdogo wake anakuja gereji, anakalia tairi, anaperuzi simu, na kisanduku kipya cha kudhibiti mafuta ya injini bado hakijachaguliwa.

“Hiki kina ubaya gani?” akamuuliza.

“Kinarekebishwa kwa laptopu, dada.”

“Na kile?”

“Nacho vilevile. Tuchukue hiki cha vifundo. Unazungusha kwa bisibisi, umemaliza.”

Bisibisi! Mwanamume mzima, ambaye mkewe hulalamika kwamba ameolewa ukewenza na laptopu, leo ndiye anayeikimbia. Tena kwa gari aliloacha marehemu baba yao, gari la turbo. Turbo ikisukuma hewa nyingi na mafuta yasiongezeke kwa kiasi chake, pistoni zinayeyuka. Injini ya kwanza ilikufa hivyo. Hii ya pili waliitafuta hadi wakakaribia kukata tamaa, na ya tatu haipo.

Ile ya kwanza aliifunga Fundi kwa mikono yake. Tangu iungue, miezi minne sasa, hajathubutu kufunga injini ya mtu. Anabadilisha breki, anamwaga oili, basi. Juzi tu dereva wa pikapu alileta injini, Fundi akamwambia fundi wa injini hayupo.

“Laptopu si uchawi,” alisema, akivuta droo. “Ni waya mmoja tu. Ngoja nikuonyeshe kwa kile cha zamani.”

“Hicho si nilikwambia kimekufa? Kiliingia maji.”

“Nakuonyesha waya. Mbona unanishika mkono?”

Akauondoa mkono wa mdogo wake, akakiunga kisanduku na betri, kisha na laptopu. Kikawaka bila shida yoyote. Jedwali la mafuta likajipanga kwenye kioo, na juu yake tarehe ya mara ya mwisho kubadilishwa. Ilikuwa Jumapili ile aliyoshinda hospitali akimuuguza mama yao, siku mbili kabla injini haijaungua. Kule ambako turbo husukuma kwa nguvu, mafuta yalikuwa yamepunguzwa.

Mdogo wake alikuwa anatazama sakafu. “Gari lilikuwa linabugia mafuta, dada. Nilipunguza kidogo tu. Halafu nikaogopa kusema.”

“Miezi minne! Unaniona nakwepa kazi yangu mwenyewe, na bado unanipa pole?”

Alitamani kumrushia spana. Badala yake machozi yakamtoka, na lililomuudhi zaidi ni kwamba ndani ya kilio kile alisikia raha. Mikono yake haikuwa na kosa.

Akajifuta kwa kitambaa chenye oili, akazidi kujichafua.

“Hatununui kitu. Namba za mafuta nazirudisha mwenyewe, na tunafunga hikihiki. Wewe mpigie yule wa pikapu.”

“Nimwambie nini?”

“Mwambie fundi wa injini yupo.”