Plagi Kwenye Pindo la Kanga

Jumamosi ile nilikuwa na muda mpaka jua kuzama kulitengeneza gari letu. Emilian, mume wangu, alikuwa ameshaambiwa na ofisi yake ya kununua asali kwamba kama hana usafiri wa uhakika, ahamie Sikonge msimu mzima, alale kambini na wafugaji nyuki, nyumbani aje mwisho wa mwezi. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Siwema wetu ana mwaka na miezi minne. Ndiyo kwanza amejua kusema "baba", na kwa sasa anamwita hivyo hata mbuzi wa jirani. Sikutaka abaki na mbuzi peke yake.

Gari letu ni la haibridi, linakwenda kwa petroli na umeme, na lilifika Tabora likiwa limeshazeekea Japani. Wiki tatu lilikuwa linawasha taa nyekundu na kukosa nguvu. Mafundi wawili wakasema betri kubwa imekufa. Lakini mimi nilikuwa muhula wa pili wa masomo ya jioni ya umeme wa magari, nikajua betri ile haifi yote kwa mpigo. Ndani ina seli ishirini na nane zimepangwa kama madaftari kwenye rafu. Moja ikichoka, zote zinaonekana mbovu. Mwalimu Kasimiri alinitafutia seli moja nzima kutoka gari lililogongwa huko Igunga.

"Sawa, Mama Siwema," Emilian alisema asubuhi, walipokwisha kuiweka betri juu ya meza ya uani, yeye na jirani yetu Adriano. "Lakini huo umeme ukikugusa hata kidogo, gari nauza, Sikonge nahamia, na shule ya jioni basi."

"Shemeji," Adriano akadakia, "ukitaka kulipuka tupigie kelele mapema, nihamishe kuku wangu."

Wakacheka, wakaondoka zao kwenda mazoezi ya kwaya.

Nilibaki na mama mkwe, Mama Imakulata, aliyekuja kutoka Ziba kunisaidia mtoto. Alisimama na Siwema mkononi akiniangalia nikivaa glavu za mpira na kuchomoa plagi ya usalama, kidude cha rangi ya chungwa kinachokaa ubavuni mwa betri. Kikitoka, umeme unakatika katikati. Kikirudi, betri nzima inakuwa hai, volti mia mbili. Mwalimu alitufundisha kiwekwe mfukoni mwa anayefanya kazi, kisiende popote. Suruali kuukuu ya Emilian niliyovaa ilikuwa imetoboka mifuko yote. Nikakifunga kwenye pindo la kanga yangu, kama tunavyofunga funguo, nikajitanda.

"Mama, mtoto asisogee hapa," nilimwambia. Sikusema zaidi ya hapo.

Kazi ikaenda vizuri. Kila seli ilisoma volti saba na kitu, ila ya kumi na tisa ilisoma tano. Vipande vya shaba vinavyounganisha seli vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

"Hii ndiyo inakusumbua?" mama mkwe aliuliza. "Lete huku. Hii ni sufuria tu."

Akavisugua kwa limao na majivu, akavisuuza, akavianika juani mpaka vikakauka kabisa. Viling'aa hadi nikacheka. Nikaweka seli mpya, nikavirudisha vipande vyote, nikazishikiza nati kwa vidole. Ilibaki kukaza kwa spana.

Hapo Siwema akalia. Nikavua kanga kwa sababu ya joto, nikaiacha kwenye kigoda, nikamnyonyesha, kisha nikaingia ndani kula ugali na mlenda. Niliporudi uani mama mkwe alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa kanga yangu, anamwimbia. Niliiona kanga ile kwa macho yangu haya. Sikuwaza chochote.

Glavu zilikuwa zimelowa jasho kwa ndani. Nikajiambia, umeme nimeukata mwenyewe, glavu za nini? Nikachukua spana mikono mitupu. Spana ilikuwa kama shibiri moja kutoka kwenye nati ya kwanza nilipokumbuka ukali wa Mwalimu Kasimiri: hata ukienda kunywa maji tu, ukirudi pima upya. Nikaona aibu, utadhani amesimama nyuma yangu. Nikaweka spana chini, nikavaa glavu, nikagusisha mita kwenye ncha mbili za betri.

Ilitakiwa isome sifuri.

Ikasoma mia mbili na moja.

Nilidhani mita imeharibika. Nikapima tena. Mia mbili na moja. Nikainama taratibu kuangalia ubavuni mwa betri. Plagi ya chungwa ilikuwa imekaa mahali pake, imebana vizuri, safi, imefutwa vumbi.

"Mama," nilisema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nani amerudisha hiki?"

"Mimi," alijibu kwa furaha. "Nilipombeba huyu nikakikuta kwenye pindo, mwenzio ameshaanza kukitafuna! Nikasema mwanangu atakitafuta mpaka jioni, ngoja nikirudishe kwao. Kilikataa, nikakisukuma, kikaitika ka! Kwani nimekivunja?"

Nilikuwa naitazama spana.

"Mama Siwema? Nimekivunja?"

"Hukukivunja, Mama. Ila ningegusa pale, ungenikuta nimekufa."

Akatazama betri, akanitazama mimi. "Mayo wane," mama yangu, alisema kwa lugha ya kwao, kwa sauti ndogo. Akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akanipa. Kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi, mikono ameiweka mbali na mwili wake.

Nilimkumbatia Siwema mpaka akalalamika. Kitu kilichonitetemesha hakikuwa kifo peke yake. Nilikuwa namwona mwanangu akitambaa kuja kunishika pale chini, na bibi yake akimkimbilia.

"Emilian asijue," mama mkwe alisema.

"Asijue," nikakubali haraka. Niliogopa sharti la mume wangu la asubuhi.

Nilipoichomoa tena ile plagi, mama mkwe alisema, "Nipe mimi." Akaketi kwenye mkeka mbali kabisa, Siwema kati ya miguu yake, plagi ameishika kwa mikono miwili juu ya kichwa. Nikapima. Sifuri. Nikakaza nati moja baada ya nyingine, glavu sikuzivua tena.

Emilian alirudi na Adriano, wakaipandisha betri garini, nami nikaiunganisha na kurudisha plagi. Taa nyekundu haikuwaka. Akaliendesha mpaka barabara ya lami na kurudi, akashuka anapiga makofi. "Jumatatu nawaambia natokea hapahapa nyumbani! Fundi wangu huyu!"

Wakati wa kula mama mkwe hakugusa sahani yake.

"Leo nilitaka kumuua mkeo," alisema.

Akamweleza yote, kanga, mtoto, plagi, bila kujipunguzia. Emilian aligeuka polepole akanitazama.

"Umeme ulikugusa?"

"Haukunigusa. Nilipima."

"Kama usingepima?"

Ningeweza kudanganya. "Nilikaribia kutopima," nikasema.

Akafunga macho. Nilingoja aseme gari, Sikonge, shule. Lakini mama yake ndiye aliyepiga meza.

"Usimtazame hivyo! Siku nzima nimekaa na kitu kile, nimekisugulia mpaka shaba zake, na hakuna aliyeniambia kinafanya nini. Si yeye, si wewe. Mlidhani bibi wa Ziba hataelewa?"

Alisema kweli, na iliniuma kuliko hofu. Nilisogeza vikombe, nikapanga vijiti vya kiberiti mezani vikawa seli, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, nini kinakatika na nini kinabaki. Alisikiliza amekunja uso. Emilian naye alisogea.

"Kwa hiyo," mama mkwe aliuliza, kidole juu ya vijiti, "hata plagi ikitoka, huku na huku kila nusu bado ina umeme wake?"

"Ndiyo, Mama."

"Nusu ya mia mbili."

"Ndiyo."

Emilian alikuwa ameshika tonge, halijafika mdomoni. "Hilo mimi sikulijua," alisema. "Na asubuhi betri hiyo niliibeba nimeikumbatia tumboni."